Barua za Upande Mmoja: Angela Burdett-Coutts (1814-1906)

Bibi Angela Burdett-Coutts wa London alikuwa mhisani mashuhuri wa karne ya 19. Mwaka 1837, akiwa na umri wa miaka 23, alirithi mali ya babu yake, mwenye benki ya Coutts, iliyokadiriwa kuwa karibu pauni milioni 1.8. Vitabu vingi humwonyesha kama mkoba tu: mwandishi Charles Dickens alitoa mawazo, bibi akatoa fedha. Maoni hayo yametokana na hali ya nyaraka. Barua ambazo Dickens alimwandikia zimesalia kwa mamia, ila za bibi kwake karibu zote zimepotea.

Hata hivyo, jibu huficha swali ndani yake, kama wajuavyo wale wanaowatafuta Waafrika katika barua za maofisa wa kikoloni. Tuchukue mfano wa Urania Cottage, nyumba waliyoifungua mwaka 1847 huko Shepherd's Bush. Ilipokea wanawake waliotoka magerezani na waliouza miili yao, ikawafunza kazi za nyumbani, kisha ikawasafirisha kwenda makoloni kama Australia. Katika barua zake Dickens anatetea kwa bidii kwamba wasinyimwe tumaini la kuolewa. Mtu hatetei jambo lisilopingwa. Basi bibi alikuwa na msimamo wake, nao ulikuwa mkali. Hapo sisi twakubaliana na Dickens. Mwaka 1853 aliandika kwamba, kati ya wanawake zaidi ya 50 wa kwanza, 30 walikuwa wakiishi vema ng'ambo, na 7 kati yao wameolewa.

Bibi mwenyewe aliolewa mwaka 1881, akiwa na miaka 66, na kijana mzaliwa wa Marekani. Kwa kuwa wasia ulikataza mume mgeni, alipoteza sehemu tatu kwa tano za mapato yake.

Urafiki wao ulipoa baada ya mwaka 1858, Dickens alipotengana na mkewe na bibi akashindwa kuwapatanisha. Septemba 1860, huko Gad's Hill, Dickens alichoma barua alizopokea kwa miaka 20. Watoto wake walizibeba kwa vikapu hadi motoni, na mmoja wao alikumbuka baadaye kwamba walibanika vitunguu katika majivu yake.