Kutoka Mwanza hadi Mirembe: Wagonjwa wa Akili na Watu Wao Ukanda wa Ziwa

Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927. Mwaka uliofuata, reli kutoka Tabora ikafika Mwanza. Vitabu vya historia haviyaweki matukio haya pamoja, maana reli ilijengwa kwa ajili ya pamba. Lakini kwa ukoo wa Kisukuma uliokuwa na mtu aliyerukwa na akili, ndipo njia ilipofunguka: treni hadi Tabora, kubadilisha, kisha Reli ya Kati hadi Dodoma, safari ya zaidi ya kilometa 700. Hata hivyo, mara nyingi aliyemsindikiza mgonjwa hakuwa ndugu yake. Njia ya kawaida ya kuingia Mirembe ilipita kwa polisi, daktari na hakimu, na aliyekuwa ameua alipelekwa Isanga, kituo cha jirani chenye ulinzi wa gereza.

Matokeo yake ni kwamba kumbukumbu za serikali zinatuonyesha waliovuruga amani tu. Aliyekaa kimya uani kwao, asile, asioge, asiseme na mtu, hakuandikwa na karani yeyote. Huyo hatuna budi kumtafuta kwa watu wake.

Kwa watu wake kulikuwa na utaratibu. Usukumani maradhi ya namna hiyo yalipelekwa kwa nfumu, mpiga ramli, ambaye kazi yake ya kwanza haikuwa kutoa dawa bali kutaja chanzo: masamva, yaani wahenga waliosahauliwa, au jirani mwenye kijicho, au pepo anayetaka mtu. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni na aliyeishi Mwanza, alichapisha mwaka 1955 makala kuhusu Buswezi, chama cha pepo kilichoenea Usukumani na Unyamwezini na chenye undugu na imani za Wachwezi za Buhaya na Bunyoro. Mgonjwa ambaye ramli ilimwonyesha kuwa ametakiwa na Waswezi hakutolewa pepo. Aliingizwa chamani. Ukoo ulitoa mali, ngoma zikapigwa, naye akafundishwa siri za chama na kupata ndugu wapya. Aliyeanza kama mgonjwa akamaliza kama mwanachama, na kesho yake yeye ndiye aliyeimba wakati wa kumwingiza mwingine.

Sisemi kwamba Buswezi iliponya kila mtu, wala kwamba ada yake ilikuwa ndogo. Ninachokiona ni kwamba haikumwondoa mtu kwao. Iliwaleta watu kwake.

Wakoloni nao walikuwa na ramli yao. Wajerumani waliokuja na misheni ya Betheli waliifanya Lutindi, kule milima ya Usambara, iwe nyumba ya wagonjwa wa akili mwanzoni mwa miaka ya 1900, na hadi leo Lutindi ni hospitali. Kwa mtu wa Ziwa, Usambara ilikuwa mbali mno. Alichokiona yeye zamani hizo ni malale. Ugonjwa huo ulifagia kandokando ya Ziwa Viktoria kuanzia upande wa Busoga, na mwaka 1906 Robert Koch alifika Mwanza kabla ya kuendelea hadi visiwa vya Ssese, alikowadunga wagonjwa dawa ya atoksili iliyowapofusha baadhi yao. Malale yakifika kwenye ubongo humgeuza mtu: hulala mchana, hukesha usiku, huropoka, huwa mkali kwa mkewe na wanawe. Mwaka 1922 yalilipuka tena Maswa. Nani angemlaumu jirani aliyesema kwamba fulani amelogwa? Kwa jicho la kawaida, aliyeumwa na mbung'o na aliyepagawa walifanana.

Baadaye ikaja nadharia. J. C. Carothers, daktari aliyeongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai kwamba akili ya Mwafrika ina kasoro za maumbile na malezi. Leo kitabu hicho kinasomwa kama kielelezo cha fikra za kikoloni, si cha tiba. Lakini miaka michache tu baada ya kuchapishwa, pwani ya magharibi ya Ziwa ikatoa kisa kilichowashinda wenye nadharia wote.

Tarehe 30 Januari 1962, wiki saba baada ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni ya Kashasha, wilaya ya Bukoba, walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kikawa kicheko na kilio kwa zamu. Shambulio liliweza kudumu dakika chache au saa kadhaa, likatulia, likarudi. Wengine walisumbuka hivyo hadi siku 16. Walikuwa na wasiwasi, hawakutulia mahali, baadhi wakasema kuna vitu vinatembea kichwani, wengine kwamba kuna mtu anawafukuza, na waliozuiwa kwa nguvu walipigana. Kufikia tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshapatwa. Shule ikafungwa. Walimu, Wazungu kwa Waafrika, hakuguswa hata mmoja.

Kufunga shule ndiko kulikoubeba ugonjwa nyumbani. Siku chache baadaye ulizuka Nshamba, walikotoka baadhi ya wasichana hao, na watu 217 wakapatwa katika miezi ya Aprili na Mei, wengi wao vijana, wa kike na wa kiume. Kashasha ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, wakapatwa 57 wengine, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni. Shule ya wasichana ya Ramashenye, karibu na mji wa Bukoba, nayo ikaingia. Wahaya waliuita ugonjwa wa kucheka, wengine wakauita wazimu tu, na kuna waliosema hewa imetiwa sumu na mabomu ya atomiki yaliyokuwa yakijaribiwa duniani wakati ule. Mabomu hayo yalikuwa yakitangazwa redioni, kwa hiyo dhana hiyo haikutoka hewani.

Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip walichukua damu, wakachukua maji ya uti wa mgongo, wakatafuta sumu katika chakula. Hawakupata kitu. Hakufa mtu. Katika ripoti yao ya 1963 walihitimisha kwamba ni hamaniko la watu wengi kwa pamoja. Mwaka mmoja baadaye Benjamin Kagwa, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Uganda, aliandika kuhusu milipuko ya aina hii Afrika Mashariki na kuihusisha na mvutano wa watoto waliolelewa kwa mila za wazee, kisha darasani wakaambiwa kwamba mila hizo ni upuuzi.

Kashasha imezunguka dunia nzima ikisimuliwa kama kichekesho. Magazeti ya Ulaya na Marekani huikumbuka kila yanapotaka kuandika habari za kicheko, kana kwamba wasichana wale walikuwa wamesikia mzaha mzuri. Hiyo ni dhuluma. Waliokuwa pale ni watoto wa miaka 12 hadi 18, mbali na mama zao, katika bweni lenye sheria kali, ndani ya nchi iliyokuwa imepata bendera mpya huku wazazi na walimu wakitarajia kutoka kwao mambo yasiyopatana. Walilia pia, hawakucheka tu. Na hata leo, shule ya bweni ikitangaza kwamba wasichana wanaanguka ovyo na kupandisha mashetani, wanaoitwa kwanza ni mchungaji, shehe na ofisa elimu. Mtu wa kukaa na mmoja mmoja na kumuuliza kinachomkera nyumbani au bwenini, akifika, hufika mwishoni.

Serikali huru ilijaribu njia nyingine. Mnigeria Thomas Adeoye Lambo alikuwa ameonyesha Aro, Abeokuta, tangu mwaka 1954, kwamba mgonjwa anaweza kukaa kijijini na ndugu yake huku akitibiwa. Tanzania ya Azimio la Arusha iliipenda fikra hiyo, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 vikaanzishwa vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili, kama Hombolo karibu na Dodoma na Vikuruti upande wa Dar es Salaam. Mgonjwa alilima, alipika, alikutana na wanakijiji. Katika miaka ya 1980 mpango wa taifa wa afya ya akili ulijaribiwa Morogoro na Kilimanjaro kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, wauguzi na waganga wa vituo vya chini wakafundishwa kutambua na kutibu. Kanda ya Ziwa haikuwa katika majaribio hayo ya mwanzo.

Ilichopata ni Bugando. Hospitali hiyo ya maaskofu Wakatoliki, iliyosimama juu ya kilima ikiangalia mji, ilifunguliwa na Rais Nyerere tarehe 3 Novemba 1971, ikataifishwa mwaka 1972, kisha mwaka 1985 uendeshaji ukarudi kwa Kanisa kwa makubaliano na serikali. Kwa kuwa na wodi na kliniki ya magonjwa ya akili, ilifupisha safari: aliyehitaji kulazwa hakulazimika tena kwenda Dodoma. Ila kuna safari nyingine iliyobaki. Mgonjwa wa Sengerema au Geita aliendelea kuvuka kwa kivuko cha Kigongo mpaka Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Busisi lenye urefu wa kama kilometa 3, na wa Ukerewe bado anategemea meli. Sindano ya kila mwezi ikimkosa mara mbili, ugonjwa unarudi, na kijijini watasema dawa za hospitali haziwezi maradhi haya. Wanaofika kliniki za akili nchini, tena wengi, ni wenye kifafa, ugonjwa wa ubongo ambao watu wamezoea kuuhesabu kuwa ni wa mashetani.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa "tiba ya jamii" hupenda kuliruka. Jamii ile ile iliyomzunguka mgonjwa wa Buswezi kwa ngoma ndiyo iliyomzunguka bibi mzee kwa mapanga. Uchunguzi wa serikali, ambao msomi Simeon Mesaki aliufanyia kazi kwa kina, ulihesabu watu 3,693 waliouawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi kati ya 1970 na 1984. Wanawake walikuwa 2,286, na sehemu kubwa ya mauaji ilitokea Usukumani. Macho mekundu yalitosha kuwa ushahidi, ingawa yalikuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe kilichotumika kama kuni. Bibi aliyeanza kusahau, akazungumza peke yake, akatoka usiku asijue anakokwenda, alikuwa na dalili ambazo daktari angezijua. Kwa majirani zilikuwa dalili za mchawi. Baadaye, kuanzia 2007, wimbi la kuwawinda wenye ualbino likatapakaa katika mikoa hiyo hiyo, na Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda akatangaza kuzifuta leseni za waganga wa jadi.

Katazo lile lilieleweka kwa uchungu wa wakati ule, lakini halikuwaondoa waganga, maana wagonjwa hawakuacha kwenda. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba karibu nusu ya waliokwenda kwa waganga wa jadi walikuwa na msongo au huzuni ya kiwango cha ugonjwa, wakati kwenye vituo vya afya walikuwa kama robo. Mganga, mzuri au tapeli, ndiye mlango wa kwanza. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 inamtaka asajiliwe. Kumfundisha lini amwachie mgonjwa daktari ni kazi ngumu kuliko usajili.

Kuna huzuni nyingine ambayo Ziwa lenyewe limeileta. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikiwa karibu kufika Mwanza, na mamia wakafa. Waokoaji walitoboa tumbo la meli kuwafikia waliokuwa hai ndani, hewa ikatoka, meli ikazama. Marehemu wengi wamezikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018, Alhamisi ya mnada wa Bugolora, MV Nyerere ilipinduka mita chache kutoka gati la Ukara ikiwa imebeba zaidi ya mara mbili ya abiria 101 walioruhusiwa. Walikufa 228 na kuokoka 41. Ukara ni kisiwa kidogo, na karibu kila nyumba ilikuwa na msiba.

Habari za ajali hizo husimulia uwezo wa meli, idadi ya maiti na tume za uchunguzi. Za manusura ni chache mno. Mtu aliyejiokoa majini akaacha mke au mtoto chini, kisha ikambidi apande meli tena kwa sababu kisiwani hakuna njia nyingine, anabeba kitu ambacho matanga hayakimalizi. Rambirambi, mchango wa sanda na arobaini ni misaada ya kweli, tusiidharau, lakini imepangwa kwa ajili ya waliokufa.

Sheria nayo imebadilika nusu. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 iliiondoa ile ya zamani yenye mizizi ya kikoloni, na Mirembe sasa ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 katika miaka mitano, na hao ndio wanaoweza kugonga mlango wa nyumba ambayo mgonjwa amefichwa chumba cha nyuma. Kila tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, hotuba hutolewa.

Na kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba. Huku kwetu, familia inayomkimbiza kijana aliyekunywa dawa ya pamba ina mambo mawili ya kufikiria njiani: kama atafika akiwa hai, na watakachosema mapokezi. Mara nyingi wanasema alidhani ni soda.