Nani Aliita Mkutano?

Nilipoacha chuo, kitu kimoja tu cha darasa la biolojia kilinifuata nyumbani: Dictyostelium, viamiba vya udongoni ambavyo vikikosa chakula hukusanyika kwa maelfu. Nani huviita? Mwaka wa 1947 Mmarekani John Bonner alipitisha maji juu yake. Vilivyoitika ni vile tu vilivyokuwa upande maji yanakoelekea. Kumbe ni kemikali! Mwaka wa 1967 ikatambuliwa: saikliki AMP.

Lakini watu bado walitaka seli kiongozi (si unajua sisi na viongozi). Mwaka wa 1970 Evelyn Fox Keller na Lee Segel wakaonyesha kwa hesabu kwamba hahitajiki. Kalsiamu nayo hupanda seli inaposikia wito, ila mwaka wa 2000 seli zilizonyimwa protini ya kuipandisha bado zilifika mkutanoni. Na zikifika, takriban moja kati ya tano hufa, zikawa bua la kubebea zingine.