Bisibisi Sikioni
Pikipiki ya kaka, deni lake halijesha, ilianza kugonga ndani ya msitu wa Ngezi. Tukaisukuma hadi Makangale. Fundi hakufungua boliti hata moja: aliiwasha, akaweka ncha ya bisibisi kwenye kifuniko cha valvu, mpini sikioni, kisha akashuka nayo hadi kwenye krenki.

"Juu salama. Kunagonga chini."

Yaani injini ifunguliwe yote.

Mwaka 1816, mjini Paris, daktari René Laennec, akiona haya kulaza sikio kifuani pa msichana, alikunja karatasi ikawa bomba, akausikia moyo vizuri zaidi. Baadaye akachonga la mti. Bisibisi ni ndugu yake, ila hii hupitisha mtikisiko kwa chuma.

"Sikiliza mwenyewe, mwanangu."

Kaka aliinama, akasikiliza. Alipoinuka hakubishana; aliuliza bei.