Chapati Iliyoganda

Ndugu msomaji, hebu tuulizane: chapati ni chakula cha nani? Ukiuliza swali hilo Tunduma saa kumi na mbili asubuhi, baridi imekaza na madereva wa malori wamejikunyata na vikombe vyao vya chai, watu watakushangaa. Chapati ni ya mama anayeiuza, imekwisha hiyo. Lakini panda basi hadi Mbeya, ingia supamaketi, funua friza. Utakuta pakiti za rangi zinazong'aa zimeandikwa kwa Kiingereza kwamba humo ndani mna mikate na vitafunwa vya Kihindi. Paratha, samosa, naan, kachori. Vyote vimeganda kama mawe, na bei yake inakufanya urudishe mkono mfukoni taratibu.

Vijana wenzangu wengi wa mkoa huu wa Songwe wakiziona pakiti hizo husema, "Ah, hayo ni mambo ya Wahindi, mambo ya wenye pesa." Wengine huona fahari kuzinunua kwa sababu hiyohiyo. Mimi nasema tusome historia kwanza, pakiti tutaisoma baadaye.

Tuanze na sambusa, maana ukoo wake ndio mrefu. Jina lake halikuzaliwa India. Waajemi waliiita sanbusa, Waarabu wakaiita sanbusak au sanbusaj, na kitabu cha mapishi cha al-Baghdadi cha mwaka 1226 kinaeleza namna ya kuitengeneza. India nako iliingia kama mgeni, ikapewa jina la samosa. Yule msafiri mashuhuri, Ibn Battuta, alipita Mogadishu na Kilwa mwaka 1331. Huko Mogadishu alilishwa wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu. Miaka michache baadaye alikuwa Delhi, katika jumba la Sultani Muhammad bin Tughluq, na huko ndiko alikoieleza sambusa: nyama ya kusaga, lozi, vitunguu na viungo, vimefungwa ndani ya mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Viazi havimo. Na vingetoka wapi? Viazi mviringo asili yake ni Amerika, na India havikufika mpaka Wazungu walipovileta kwa meli, zaidi ya karne moja na nusu baada ya Ibn Battuta kuondoka.

Unaona mambo hayo? Ile pembetatu ya nyama yenye manda nyembamba inayouzwa kwenye ndoo ya plastiki stendi ni ndugu wa karibu zaidi wa sambusa ya Sultani wa Delhi kuliko ile samosa nene ya viazi na njegere inayojiita ya asili kwenye friza. Sisemi ile ya viazi ni mbaya. Nasema tu kwamba neno "asili" kwenye pakiti ni neno la biashara.

Majina mengine ndiyo kabisa yamepotezana na miili yake. Nunua pakiti ya kachori ukitegemea kile kidude chetu cha viazi vilivyopondwa, vikatiwa ndimu na pilipili, vikachovywa katika uji wa unga na kukaangwa. Hukipati. Utapata kitu kigumu cha unga wa ngano kilichojazwa dengu ndani, na hiyo kwa Mhindi ndiyo kachori. Ile yetu, ukiipeleka Bombay, wataifahamu mara moja lakini wataiita batata vada. Bagia nayo kwao ni bhajia, vipande vya mboga vilivyochovywa katika unga wa dengu. Huku kwetu imegeuka kidonge cha kunde, na hakuna aliyelalamika.

Sasa chapati. Wengi hudai, na hata mashuleni tumeambiwa, kwamba chapati ililetwa na makuli waliojenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria kati ya mwaka 1896 na 1901. Ni kweli Waingereza walileta Wahindi zaidi ya 30,000 kwa kazi ile, na unga, mchele, dengu na samli vilisafirishwa kutoka India kwa ajili yao. Lakini wengi wao mkataba ulipokwisha walirudi kwao. Waliobaki hawakuzidi 7,000 hivi. Kabla ya reli hiyo Wahindi walikuwepo pwani zamani sana. Jairam Shivji, mfanyabiashara kutoka Kutch, ndiye aliyekuwa akisimamia ushuru wa forodha wa Zanzibar enzi za Seyyid Said, miaka ya 1830 na 1840. Bagamoyo alikuwepo Sewa Haji, aliyefariki mwaka 1897, tajiri aliyekuwa akiandaa misafara ya bara: wapagazi, vitambaa, shanga. Allidina Visram naye alisambaza maduka mpaka Uganda. Palipo na duka pana jiko nyuma ya duka, na palipo na jiko pana mtu wa kazi, Mwafrika, anayetazama.

Huyo mtu wa kazi ndiye ninayemtafuta katika historia hii wala simwoni. Jina lake halikuandikwa popote. Yeye ndiye aliyebeba ujuzi huo kutoka jiko la uani mpaka nyumbani kwake, na njiani akaubadilisha, maana chapati ya Kihindi yenyewe ni kitu kingine kabisa! Ile ni ya unga usiokobolewa, nyembamba, haina tabaka, inachomwa kwenye chuma kikavu. Yetu sisi ni ya unga mweupe. Donge linasukumwa, linapakwa mafuta, linakunjwa na kuzungushwa kama konokono, linapumzishwa, linasukumwa tena, kisha linachomwa kwa mafuta hadi tabaka ziachane. Mhindi akiiona hataiita chapati. Ataiita paratha. Yaani, bwana, tulichukua jina la mkate wa kila siku tukalivika mkate wa sikukuu, na hatukurudi nyuma.

Huku kusini ilifikaje? Mpaka huu tunaouvuka kila siku kwenda Nakonde ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, ukawakata Wanyamwanga vipande viwili. Kwa miaka mingi Tunduma ilibaki kituo kidogo cha njiani, na watu wa Mbozi, Momba na Ileje waliendelea na ugali wao, ndizi zao na maharage. Kilichoigeuza ni siasa za mbali. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa hila, Zambia ikafungiwa mlango wa kusini, na shaba yake ikalazimika kutafuta bahari kwa kupitia kwetu. Yakaanza malori kwenye barabara ya vumbi na matope iliyokuwa ikiua madereva, ikafuata barabara ya lami, kisha TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1975. Dereva wa lori na abiria wa treni wanahitaji chakula gani? Kisichotaka sahani, kisichomwagika, kinachofungwa kwenye gazeti na kuliwa mkono mmoja ukiwa kwenye usukani. Sijui kama kuna mkate uliofanana na kazi hiyo kuliko chapati.

Hapa kuna jambo linalonichekesha. Wachina walikuja kwa makumi ya maelfu kujenga reli hiyo. Walikuwa na makambi, walilima bustani zao, na mwishowe waliondoka wakatuachia reli. Tafuta leo chakula chao mitaa ya Tunduma! Utaambulia mboga ya chainizi, ambayo Uchina wake umebaki kwenye jina. Wahindi hawakutumwa na serikali yoyote kutufundisha kupika, na chapati imejaa kila kona. Chakula hakifuati itifaki.

Lakini isidhaniwe kwamba tangu hapo ilikuwa raha mustarehe. Wazee wanaokumbuka mwanzo wa miaka ya 1980 watakueleza habari za foleni. Unga wa ngano, sukari, mafuta, sabuni, vyote vilikuwa vya kutafutwa kwa kujuana. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mtu aliyekutwa na magunia yasiyoelezeka alikuwa na kesi. Chapati ikawa ya Krismasi na Idi, na mtoto aliyeila alihakikisha jirani anaziona mdomo wake uking'aa mafuta. Biashara ilipoanza kufunguliwa kuanzia mwaka 1984, unga ukarudi, na hapo ndipo akina mama walipoweka majiko ya mkaa kando ya barabara. Kwa hiyo chapati ya kila asubuhi, hii tunayoiona ya kawaida, umri wake hapa ni mdogo, na imesimamishwa na wanawake walioanza na kilo mbili za unga wa mkopo.

Friza nalo lina historia yake. Mmarekani Clarence Birdseye, akiishi Labrador kuanzia mwaka 1912, aliwaona wenyeji Wainuit wakivua samaki katika baridi kali. Samaki aliganda papo hapo, na alipoyeyushwa baada ya miezi ladha ilikuwa bado ipo. Siri ni kasi. Kikiganda polepole, maji ndani ya chakula hujenga barafu kubwa zenye ncha zinazochana kila kitu. Kikiganda haraka, barafu ni ndogo na hazidhuru sana. Miaka ya 1920 akabuni mashine ya kugandisha chakula kwa haraka. Baadaye Wahindi waliohamia Ulaya wakaikuta teknolojia hiyo ikiwasubiri.

Na ni Wahindi gani hao? Wengi ni wa kwetu! L. G. Pathak aliondoka Kenya mwaka 1956 akaenda London, akaanza kwa kutengeneza sambusa na vitu vitamu katika jiko dogo. Kampuni ya Patak's imetoka hapo. Tanzania ilipotaifisha nyumba za kupangisha mwaka 1971, familia nyingi za Kihindi zilifunga mizigo. Mwaka uliofuata Idi Amin akawapa wa Uganda siku 90, na wapatao 28,000 wakaingia Uingereza. Hao walioondoka Kampala, Nairobi na Dar es Salaam ni sehemu ya watu waliowafundisha Waingereza kununua sambusa dukani.

Basi nikaona nisiandike kwa kusikia tu. Nilinunua Mbeya pakiti mbili, moja ya paratha iliyotengenezwa Malaysia na moja ya samosa za viazi, nikazifunga kwa magazeti na kitenge, nikapanda Costa, kilomita 100 na ushee mpaka Tunduma. (Malaysia nako mkate huo ulipelekwa na wahamiaji kutoka kusini mwa India enzi za Waingereza, wenyeji wanauita roti canai.) Nilizipeleka moja kwa moja kwa mama mmoja muuza chapati mtaani kwetu, ambaye amesomesha watoto watatu kwa kikaango kimoja.

Samosa tulizikaanga kwanza. Unga wake ni mnene, ukivunja unasikia mlio. Ndani viazi na njegere vina bizari ya kutosha, ila pilipili ilikuwa ya kubembeleza. Watoto walizimaliza. Mama alikula moja, akasema, "Ni nzuri, mwanangu, ila nyama iko wapi?"

Paratha ndiyo iliyomsimamisha. Zimepangwa kila moja kati ya karatasi mbili za nailoni, na maelekezo yanasema usiiyeyushe, itupe kwenye kikaango kikavu ikiwa na barafu yake. Tulifanya hivyo. Mafuta yaliyomo katikati yakayeyuka, tabaka zikainuka, ikawa na madoa ya kahawia yaliyopangika vizuri. Akaichambua kwa vidole kama mtu anayesoma barua. "Hii ni chapati yetu," akasema, "ila aliyeisukuma hana haraka ya mteja." Kwa ulaini ilimpita, alikiri mwenyewe. Kwa harufu haikumpita. Ilikuwa na mafuta ya aina moja tu mwanzo mpaka mwisho, na kale kaladha ka kikaango kilichozeeka hakakuwemo. Paratha mbili za chini zilikuwa zimenatana na nailoni zikachanika. Dalili hiyo, msomaji, itie akilini: ukiona theluji nyingi ndani ya pakiti, au mikate imenatana, ujue imeyeyuka ikaganda tena mahali fulani njiani. Mwishoni mwa mwaka 2023 umeme ulipokuwa wa mgawo nchi nzima, vitu vingi katika mafriza vilipata mkasa huo, na pakiti haisemi.

Mama alitaka kujua jambo moja, bei. Nilipomtajia alinyamaza akipiga hesabu. Kwa fedha hiyo yeye anatoa chapati nyingi zaidi, tena za moto. Lakini hesabu yake haikuishia hapo. Kuna mwenye mgahawa mmoja ambaye humpelekea chapati 40 kila alfajiri, na siku hizi mtu huyo anaulizia friza. Friza moja, kijana mmoja wa kupasha, basi mpishi anayeamka saa tisa usiku wa nini? Foleni ya malori nayo si ile ya zamani; tangu kituo cha pamoja cha forodha kilipozinduliwa mwaka 2019, dereva akivuka haraka halali tena siku nne akila mkononi mwake. Mama hana neno na kituo hicho. Anahesabu tu.

Nilimwambia kwamba ng'ambo tu hapo, Nakonde, wanakiita kitumbua kile kidonge cha unga wa ngano, wakati huku kitumbua ni cha mchele, na hakuna aliyemnyang'anya mwenzake jina. Akacheka. "Jina halilipi ada," akasema, huku akizikusanya zile karatasi za nailoni, akaziosha moja moja na kuzianika kwenye kamba. Kesho yake alfajiri alizitumia kutenganisha madonge yake yasishikane.