Historia Fupi ya ESG, Bendi ya Mabinti wa Bronx Kusini

Katika zama za miaka ya 1970, Bronx Kusini, katika jiji la New York, palikuwa pamepatwa na masaibu makubwa: nyumba za ghorofa ziliungua usiku baada ya usiku, wenye majengo waliyatelekeza, na vijana walibaki mitaani bila ya kazi wala mahali pa kupitisha jioni zao. Helen Scroggins, mama mwenye kipato kidogo, aliyatazama hayo kwa hofu ya mzazi, akatambua kwamba mabinti zake wasipopata shughuli ya kuwakalisha nyumbani, mtaa utawapa shughuli yake. Basi akajibana, akawanunulia ala za muziki. Renee akashika gitaa na kuimba, Valerie akakaa kwenye ngoma, Deborah akachukua gitaa la besi, na Marie akapiga konga na kuitikia, kisha kijana wa jirani, Tito Libran, akaja kuwasaidia kwa konga zake. Bendi wakaiita ESG, herufi za mwanzo za majina ya Kiingereza ya zumaridi na yakuti samawi, vito vya miezi waliyozaliwa Valerie na Renee, na ya dhahabu, kwa tamaa njema ya kupata siku moja zile santuri za dhahabu ambazo wanamuziki hutunukiwa.

Walianza kwa kuiga nyimbo za watu mashuhuri, lakini wakaziacha upesi, maana wimbo wa mtu mashuhuri ukiukosea kila msikilizaji hujua, ilhali ulioutunga mwenyewe ukiukosea, siri yake unabaki nayo wewe. Na katika utunzi wao palikuwa na rai moja ambayo kwa maoni yangu ndiyo asili ya fahari yao na ya dhiki yao pia. Renee alipozisikiliza nyimbo za James Brown, kilichomteka moyo kilikuwa kile kipande cha katikati ambapo tarumbeta hunyamaza na mwimbaji hukaa kando, ikasalia ngoma na besi peke yake, na wachezaji ukumbini wakazidi kupandwa na hamasa. Akajiuliza kwa nini wimbo mzima usiwe kipande hicho. Kwa hiyo nyimbo za ESG zina nafasi tupu nyingi: besi hurudia mkondo mmoja bila ya kuchoka, ngoma hupigwa kwa kiasi, konga hujaza pale tu palipohitaji kujazwa, na sauti ya Renee huja kavu, haina mapambo, kama mtu anayesema na jirani yake dirishani. Wala nafasi hizo hazikuachwa kwa ukosefu wa ujuzi, maana kuacha ni kugumu kuliko kuongeza, na bendi nyingi zenye ala maradufu hazijapata kuwainua watu vitini kama walivyowainua mabinti hawa.

Ed Bahlman, mwenye duka na kampuni ya santuri ya 99 Records katika mtaa wa MacDougal, aliwasikia katika shindano la vipaji, akawachukua na kuwapeleka katika kumbi za Manhattan, ambako vijana wa panki, baada ya ghadhabu yao ya kwanza kupoa, walikuwa wakitafuta muziki wa kuchezeka usiopoteza ukali wake. Wenyewe hawakuwa wakijihesabu kuwa watu wa panki. Walipiga fanki waliyoijua kwao, na panki ndiyo iliyowafuata. Katika ukumbi wa Hurrah walipanda jukwaani kabla ya A Certain Ratio, bendi ya Manchester iliyokuwa ikiitafuta njia hiyo hiyo kutoka upande wa pili, na Tony Wilson wa kampuni ya santuri ya Factory, aliyekuwapo, akawataka papo hapo waingie studio pamoja na Martin Hannett, fundi wa sauti aliyetengeneza santuri za Joy Division. Nyimbo mbili, You're No Good na Moody, zilikuwa zimekwisha kurekodiwa ilipoonekana kwamba katika utepe zimebaki dakika chache. Wakaulizwa kama wana kitu cha kuzijaza, wakapiga UFO, ambayo haina maneno, nayo huanza kwa mlio mkali wa gitaa unaolia kama king'ora juu ya besi nzito. Santuri yenye nyimbo hizo tatu ilitoka mwaka 1981. Tarehe 21 Mei 1982, ukumbi wa Haçienda ulipofunguliwa mjini Manchester, ESG walikuwa miongoni mwa waliopiga usiku ule wa kwanza, na mwaka 1983 ikatoka albamu yao, Come Away with ESG. Huko New York, Larry Levan alizipiga santuri zao katika ukumbi wa Paradise Garage, mbele ya wacheza dansi ambao hawakujali kabisa kama muziki ule una asili ya panki au ya disko.

Kisha milango ikafungwa. 99 Records iliingia katika kesi nzito na kampuni ya Sugar Hill juu ya mkondo wa besi wa wimbo Cavern wa Liquid Liquid, bendi nyingine ya 99 Records, ikashinda lakini malipo hayakupatikana, maana Sugar Hill ilifilisika; Bahlman akaifunga kampuni yake, na ESG wakabaki bila ya mchapishaji. Baadaye watengenezaji wa muziki wa rapu wakaigundua UFO. Waliukata ule mlio wa gitaa, aghlabu wakaupunguza mwendo ukawa mzito zaidi, wakaujenga chini ya mashairi yao, na ukasikika katika kazi za Public Enemy, Big Daddy Kane, Notorious B.I.G. na wengine wengi kupita kiasi. Nafasi tupu zile zile zilizoufanya muziki wa ESG uwe wao ndizo zilizowarahisishia wengine kuuchukua, kwani kipande chenye ala chache hukatika safi, na anayekikata hupata pa kuweka sauti yake. Malipo yalikuwa haba au hayakuwapo kabisa, na mabinti walioota santuri za dhahabu wakawa wanasikia gitaa lao redioni ilhali wao wenyewe wanafanya kazi nyingine ili wapate riziki. Mwaka 1992 walitoa santuri waliyoipa jina Sample Credits Don't Pay Our Bills, yaani kutajwa majina yetu hakulipi madeni yetu, na sijui mashtaka yaliyoandikwa kwa maneno machache na ya haki kuliko hayo.

Mwaka 2000 mkusanyiko wa A South Bronx Story ulizirudisha nyimbo zao kwa kizazi kipya, na bendi ilipotoa albamu ya Step Off mwaka 2002, binti wa Renee na binti wa Valerie walikuwa wamekwisha kuingia kundini, hata kazi iliyoanzishwa na bibi yao ikawa inaendelezwa na wajukuu.

Ewe msomaji, utakaposikia chini ya shairi la mtu mwingine mlio ule wa gitaa unaopanda kama king'ora, mtaje Renee Scroggins na ndugu zake, kisha uitafute santuri yao wenyewe, uinunue kwa fedha yako, na uisikilize mpaka mwisho.