Paa Lililorudishwa Vile Vile

Mwaka wangu wa pili nikiwa mwalimu mkuu, upepo wa masika uliezua paa la darasa la tano. Fundi alikuja, akaokota mabati yale yale, akayapigilia kwenye mbao zile zile, nami nikatia saini kwamba kazi imekamilika. Baada ya miaka miwili paa likaenda tena. Safari hii watoto walikuwamo darasani, na mmoja alibaki na kovu la bati mkononi. Saini ile hunisumbua hadi leo.

Baadaye, nikifundisha jiografia katika chuo cha ualimu, niliwasimulia wanachuo habari za kisiwa cha Morisi. Mwaka 1892 kimbunga kiliua watu zaidi ya 1,000 huko. Nyumba zikajengwa upya, nyingi zikiwa za mbao, mabati na majani. Januari 1960 kikaja kimbunga Alix, na mwezi uliofuata Carol, kikabomoa maelfu ya nyumba na kuua watu wapatao 40.

Mwaka huo huo serikali, ambayo bado ilikuwa ya kikoloni, iliunda mamlaka ya nyumba, ikajenga mitaa ya nyumba zilizokusudiwa kuhimili kimbunga. Wananchi nao wakageukia zege. Tahadhari zikapangwa kwa madaraja manne, kila mtu ajue lini afunge duka na lini asitoke nje. Februari 1975 kimbunga Gervaise kilipokipiga kisiwa kwa nguvu, waliokufa hawakufika nusu ya wale wa Carol.

Lakini tarehe 30 Machi 2013 mvua ya muda mfupi iliufurikisha mji mkuu, Port Louis, watu 11 wakafa. Kisiwa kilikuwa kimejiandaa kwa upepo. Maji yakakosa pa kupita. Serikali ikakaa tena kupanga: mwaka huo ikaanzisha kituo cha taifa cha kukabili maafa, na mwaka 2016 ikatunga sheria yake. Kumbe mpango wa jana hautoshi kwa janga la kesho.

Mwanachuo mmoja aliniuliza, “Mwalimu, kwa fedha zile za shule ungefanya nini?” Nikamjibu kwamba waya wa kufungia kenchi ukutani ungegharimu kidogo kuliko mabati tuliyonunua mara ya pili. Ningekataa tu kutia saini mpaka ufungwe.