Tetemeko Likipiga, Keja Yako Itasimama? Cheki Hizi Sehemu na Hizi Dalili

Uliza mathe ama buda wako kuhusu Julai 2007. Nairobi ilitikisika siku kadhaa, hadi watu wakachomoka mbio kwa maofisi za tao. Kumbe shida ilikuwa mbali, kwa mlima Gelai, kaskazini mwa Tanzania karibu na Ziwa Natron. Kubwa yao, ya tarehe 17, ilikuwa na ukubwa wa 5.9. Iliisha, watu wakarudi job, story ikasahaulika.

Lakini wewe msee wa kulipa rent kila mwezi, hii story inakuhusu. Tetemeko lenyewe mara nyingi haliui mtu. Kinachoua ni nyumba ikianguka.

Mbona huku kwetu kunatikisika?

Bonde la Ufa ni mahali Afrika inapasuka polepole, milimita chache tu kila mwaka. Mawe ya chini yanavutwa, yanashikana, halafu siku moja yanaachilia. Hapo ndio ardhi inatikisika. Kuhusu ukubwa, usidanganywe na namba. Tetemeko la 6 linatoa nguvu mara 32 hivi kushinda la 5.

Sehemu kwa sehemu

Nakuru, Laikipia, Baringo na Bonde la Ufa lote: Hapa ndio kuna noma zaidi. Januari 6, 1928, Subukia ilipigwa na tetemeko la 6.9, kubwa kuliko yote kwenye rekodi za Kenya. Ardhi ilipasuka mstari wa karibu kilomita 38. Wakati huo watu walikuwa wachache na maghorofa hayakuwepo. Leo Nakuru ni jiji, na fleti zinaota kila kona.

Nairobi: Hatukai ndani ya bonde, lakini tuko karibu na ukingo wake. Nairobi ina mambo mawili ya kuchunga: watu wengi kwa orofa nyingi, na aina ya udongo. Mahali kuna mwamba, nyumba inatikisika kiasi. Mahali kuna udongo laini, kama ule mweusi wa kunata ama kando ya mto, mtikisiko unaongezeka.

Nyanza na Magharibi: Cheki majirani. Machi 1966, tetemeko la Toro, magharibi mwa Uganda, liliua zaidi ya watu 150. Septemba 10, 2016, Bukoba, upande wa pili wa Ziwa Victoria, ilipigwa na la 5.9. Watu wasiopungua 17 walikufa na nyumba zaidi ya 800 zikaanguka. Nyingi zilikuwa za matofali ya udongo bila chuma ndani. Kama ocha kwenu mmejenga hivyo, hii ni yenu.

Pwani: Risk iko chini, lakini si sifuri. Agosti 12, 2020, tetemeko la karibu 6 baharini, nje ya pwani ya Tanzania, lilisikika hadi Mombasa na Nairobi.

Nyumba ndiyo inaamua

Linganisha Haiti na Chile, zote 2010. Haiti ilipigwa na 7.0, Chile 8.8, yaani nguvu mara 500 hivi zaidi. Haiti walikufa zaidi ya watu 100,000. Chile ni karibu 500. Ni kweli la Haiti lilitokea karibu kabisa na jiji kuu, lakini tofauti kubwa ilikuwa ujenzi. Chile wana sheria kali za kujenga na zinafuatwa. Haiti, simiti ilikuwa hafifu na vyuma vichache.

Kenya tuko na mwongozo wa kujenga nyumba za kuhimili matetemeko tangu 1973. Shida ni kuufuata. Aprili 2016, jengo la Huruma lilianguka wakati wa mvua na kuua watu wapatao 50. Hapo hata tetemeko halikuwepo.

Kabla ulipe deposit, cheki hivi

1. Graundi. Kama chini ni maduka ama parking tupu, nguzo tu bila kuta, na juu kuna orofa sita za vyumba, hiyo graundi ndio hulegea kwanza.
2. Nyufa. Za nywele kwa plasta si ishu sana. Zinazokata mshazari ukutani, za kuingiza kidole, ama zilizo kwa nguzo, hizo ni noma.
3. Chuma. Ukiona vyuma vimetokeza na kushika kutu, simiti imechoka.
4. Orofa za kuongezea. Uliza majirani, si keateka. Kama ploti ilianza na orofa tatu na sasa ziko saba, msingi ulijengewa tatu.
5. Alama ya X nyekundu. Hiyo ni gava inakuambia toka. Usishawishiwe na rent ya chini.

Ukishuku jengo, ripoti kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA) ama kaunti yenu.

Ardhi ikianza kutikisika

Usikimbilie ngazi wala lifti. Inama, ingia chini ya meza ngumu, funika kichwa na ushikilie hadi itulie. Kaa mbali na dirisha na kabati. Kama uko nje, baki nje, mbali na kuta na nyaya za stima. Ikitulia, zima gesi, vaa viatu, toka polepole. Usirudi ndani haraka, kwa sababu mitikisiko midogo hufuata, na nyumba iliyopasuka mara ya kwanza inaweza kuanguka na ya pili.

Hakuna mtu anaweza kukuambia tetemeko litakuja siku gani. Ile forward ya WhatsApp yenye tarehe na saa ni uongo. Lakini nguzo za ploti yako unaweza kucheki leo jioni ukitoka job, na haikugharimu hata bob.